Upepo na Muda wa Safari ya Ndege

Kutoka kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam hadi cha Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 850 hivi. Tuchukue ndege ipitayo hewani kwa mwendo wa kilomita 500 kwa saa. Hewa ikitulia, tukiacha muda wa kupaa na kutua, itafika kwa dakika 102. Kwenda na kurudi ni dakika 204.

Sasa tuseme upepo wa kilomita 100 kwa saa wavuma kuelekea Mwanza. Wakati wa kwenda, mwendo wa ndege juu ya ardhi huwa kilomita 600 kwa saa, nayo hufika kwa dakika 85. Wakati wa kurudi upepo huwa wa mbisho: mwendo hushuka hadi kilomita 400, na safari huchukua dakika 127 na nusu. Jumla ni dakika 212 na nusu.

Mbona faida ya kwenda haikufidia hasara ya kurudi? Ni kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo uizuiao kuliko katika ule uisukumao. Ndiyo maana mafuta hayapimwi kwa kilomita peke yake. Rubani asiyeuhesabu upepo na kuchukua akiba aweza kuishiwa mafuta angali angani.