Mtoto Juu ya Farasi

Kumchora mtoto juu ya farasi ni kazi ngumu kuliko kumchora mfalme. Mfalme ana upanga, joho na miguu mirefu inayofika kwenye vikuku vya tandiko. Mtoto ana mwili wake mdogo tu, na chini yake mnyama anayemzidi uzito zaidi ya mara kumi. Mchoraji akizembea, farasi humeza picha nzima. Diego Velázquez alipomchora mwanamfalme Baltasar Carlos huko Madrid, karibu mwaka 1635, alimsimamisha farasi kwa miguu ya nyuma na kumshikisha mtoto fimbo ya jemadari. Kijana wa miaka mitano hivi akawa mtawala mtarajiwa. Picha ilining'inizwa juu ya mlango. Ndiyo maana tumbo la farasi linaonekana nene ukilitazama kwa usawa wa macho.

Piotr Michałowski, mchoraji wa Kipolandi aliyezaliwa Kraków mwaka 1800, aliipokea desturi hiyo katika mazingira mengine kabisa. Kufikia 1795 Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimekwisha kuigawana Polandi. Katika maasi ya 1830 dhidi ya Urusi yeye alisimamia utengenezaji wa silaha. Maasi yaliposhindwa, akaenda Paris. Huko alijifunza kwa Nicolas-Toussaint Charlet, akachunguza kazi za Théodore Géricault, na akachora farasi bila kuchoka, hasa wale wa kukokota mizigo. Mwaka 1835 alirudi kwao, akawa msimamizi wa mashamba.

Alichora pia wanawe, na katika baadhi ya picha hizo mtoto amepanda farasi. Hapa ndipo ninapomwona kuwa mkubwa. Aliwachora pia wapandafarasi wa Kipolandi wakipanda mlima wa Somosierra katika vita vya Napoleon vya mwaka 1808, lakini hakumgeuza mtoto wake kuwa askari mdogo. Brashi yake ni pana na ya haraka, rangi nyingi ni za kahawia, na mandhari ya nyuma hupewa mipako michache tu. Macho ya mtazamaji hayana pa kukimbilia: yanabaki kwa mpandaji na mnyama wake. Farasi naye si kiti cha enzi. Ana mifupa, uzito na tabia, kwa sababu mchoraji alimjua kwa kuishi naye. Heshima hiyohiyo Michałowski aliitoa kwa wakulima, kama mzee Seńko aliyemchora, ambao wengi wa tabaka lake hawakuwatazama mara mbili.

Alifariki mwaka 1855, akijulikana zaidi kwa utumishi wake wa umma na kilimo kuliko kwa sanaa. Leo jumba la makumbusho la taifa mjini Kraków lina ukumbi wenye jina lake, ndani ya jengo la Sukiennice. Ukijaliwa kufika, anza na mikono iliyoshika hatamu, kisha ndipo utazame nyuso.