Simu ya bei nafuu: uliza itadumu miaka mingapi

Kwa wakaaji wengi wa Goma, Bukavu ao Bunia, simu ndiyo taa, mfuko wa pesa na njia ya kupata habari za jamaa. Lakini simu inaweza kuzeeka ingali nzima: tangu tarehe 1 Januari 2025, WhatsApp haitumiki tena kwenye Android 4.4.

Mbele ya kulipa, uliza simu hiyo itapokea programu mpya za usalama hadi mwaka gani. Samsung iliahidi miaka 6 kwa Galaxy A16, iliyotoka mwaka 2024. Hesabu inaanza siku simu inapotoka sokoni, si siku unapoinunua.

Kwa kuwa umeme unakatika, chagua beteri ya mAh 5000. Simu iliyokwisha kutumiwa, piga *#06#: namba ikitofautiana na ya kwenye boksi, usinunue.