Kompyuta ya michezo isiwe mkakasi

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ilinijia akilini likizo iliyopita, mpwa wangu aliponiletea kompyuta yake ikiwa imezimika kabisa.

Kijana huyu, aliyemaliza kidato cha nne, alifuga kuku na kuuza mayai kwa muda wa mwaka mmoja na nusu ili anunue kompyuta ya michezo. Katika duka moja jijini alionyeshwa kasha la kioo linalowakawaka taa za kila rangi, akaambiwa kuwa ndani mna prosesa ya i7 na kumbukumbu ya gigabaiti 16. Akalipa. Alipofika nyumbani, mchezo wa kandanda aliouota ulikwenda kwa kukwamakwama mithili ya mkokoteni matopeni. Wiki tatu baadaye umeme ulipotea, na uliporejea, pawasaplai ikatoa moshi.

“Mjomba, walinidanganya?” aliniuliza.

Nilimjibu kuwa aliyoambiwa yalikuwa kweli. Kilichomponza ni yale ambayo hakujua kuuliza. Prosesa ilikuwa i7, naam, lakini ya kizazi cha pili, iliyoingia sokoni mwaka 2011. Prosesa ya i3 ya kizazi cha 12, iliyotoka mwaka 2022, huiacha nyuma kwa mbali, ijapokuwa jina lake ni la daraja la chini. Fauka ya hayo, kompyuta ile haikuwa na kadi ya picha.

Nilipomuuliza mbona hakutaka shauri mapema, aliinamisha kichwa. Hapo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimemkemea kwa ukali aliponitajia michezo hiyo. Katazo langu halikumzuia kununua; lilimfanya anunue kwa siri, peke yake, mbele ya mchuuzi mwenye maneno matamu.

Ndiyo sababu naandika haya kwa walimu na wanafunzi. Kijana anayeweka akiba afunzwe kuchagua.

Kwanza, katika kompyuta ya michezo, kadi ya picha ndiyo itendayo kazi kubwa ya kuchora kila kinachoonekana kwenye skrini. Hiyo ndiyo itengewe fungu kubwa la fedha, taa na vioo vije mwisho. Asiyeimudu bado aweza kuanza na prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, kisha aongeze kadi baadaye. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, prosesa ipimwe kwa kizazi chake, si kwa jina tu. Kumbukumbu nayo ni heri iwe vipande viwili vya gigabaiti 8 kuliko kimoja cha 16, maana viwili huifungulia data njia mbili kwa wakati mmoja. Jambo hili huonekana zaidi pale ambapo prosesa hutegemea kumbukumbu hiyo hiyo kwa picha.

Tatu, na hapa ndipo wengi huteleza, ni zile kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo ambazo hujaa madukani mwetu. Bei yake huvutia, na si haramu kuzinunua. Lakini makasha membamba hupokea kadi za kimo kifupi pekee, na pawasaplai zake aghalabu huwa na maumbo na plagi za kipekee, hata kuzibadilisha kukawa taabu. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo hudai waya wa ziada ambao huenda haumo. Yapo matoleo ya GTX 1650, kadi ya mwaka 2019, yanayotosheka na wati hizo. Mnunuzi atazame pia umri wa mashine: Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 haizikubali rasmi takriban prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8.

Nne, pawasaplai isinunuliwe kwa kubahatisha. Ikilipuka, yaweza kuangamiza vifaa vingine vyote. Katika nchi ambamo umeme hupotea na kurejea kwa kishindo, kifaa cha kuulinda si anasa.

Yamkini mwalimu atasema michezo hupoteza wakati. Sikatai; isiyo na kiasi hupoteza. Hata hivyo, kompyuta iyo hiyo huandikiwa programu, huhariri filamu na kuchora ramani za majengo. Tena, mwanafunzi anayejumlisha wati za kila kifaa ili ajue pawasaplai itakayomtosha amekwisha kufanya zoezi la fizikia, na anayegawa akiba yake kwa vifaa sita amefanya hesabu ambayo hataisahau. Mwalimu gani asiyetamani zoezi ambalo mwanafunzi analifanya bila kusukumwa?

Kuku wa mpwa wangu wangali bandani, na ameanza kuweka akiba upya. Juzi aliniletea karatasi yenye orodha ya vifaa, kila kimoja na wati zake, akaniomba niikosoe kabla hajatoa hata shilingi. Nilipata kosa moja tu. Laiti ningalikuwa mtu wa kuulizwa tangu mwanzo.