Theluji Inavuta Macho, Msitu Unatunywesha

Yakitajwa mabadiliko ya tabianchi hapa Tanzania, wengi wetu tunaikumbuka theluji ya Kilimanjaro. Ni kweli inaisha: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 haipo tena. Lakini watafiti wanatutaka tuangalie chini kidogo, kwenye ukanda wa msitu, kwa kuwa takriban asilimia 96 ya maji yanayotiririka kutoka mlimani huanzia huko. Barafu huchangia kidogo mno.

Msitu unayapataje maji hayo? Kwa mvua, bila shaka, lakini pia kwa ukungu. Matone madogo sana hunaswa na majani na zile ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye matawi, hukusanyika, kisha hudondoka ardhini hata siku ambayo mvua haijanyesha. Mti ukiungua, ukungu hupita tu. Nyasi fupi zinazobaki hazina urefu wa kuukamata.

Mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huu kwa miaka mingi, alichapisha matokeo yake mwaka 2005. Kwa kulinganisha picha za setilaiti za mwaka 1976 na 2000 pamoja na vipimo vyake mwenyewe, alionyesha kwamba ukavu umeongeza moto, na moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Hili lilitushangaza. Tulidhani joto likizidi miti itapanda juu zaidi, kwa sababu baridi ndiyo inayoizuia. Kilimanjaro imekuwa kinyume. Hemp alikadiria kuwa maji ya ukungu yanayopotea hivyo kila mwaka yangetosha watu milioni moja kwa kunywa.

Sasa nani alaumiwe? Sisi tunaosoma falsafa tumezoea kutenganisha sababu ya karibu na sababu ya mbali. Ya karibu ni mtu: mrina asali anayefukuza nyuki kwa moshi, au mpishi wa kambi asiyezima jiko vizuri. Lakini mienge ya warina asali ni ya zamani kuliko tatizo hili. Cheche ileile iliyokuwa ikizimikia kwenye majani mabichi leo inaangukia majani makavu. Ndipo tunapoikuta sababu ya mbali, na hapo inafaa tuwe waangalifu. Ukavu wa mlima ulianza mwishoni mwa karne ya 19, kabla magari hayajaenea duniani, kwa hiyo hatuwezi kuubebesha wote moshi wa viwanda. Hata hivyo hewa chafu ya makaa ya mawe na mafuta imelipandisha joto la dunia, na joto hukausha majani. Anayemlaumu mrina asali peke yake ameona nusu ya jambo.

Oktoba 2020 moto uliteketeza takriban kilomita za mraba 95 za mlima huo. Uoto wa juu, hasa vichaka vya Erika, huweza kuchipua tena kutoka kwenye visiki, ila huhitaji miaka mingi bila kuguswa. Ukiungua tena kabla ya kukomaa, msitu haurudi, na huko chini mifongo inayomwagilia migomba na kahawa, pamoja na Mto Pangani, hupokea maji pungufu.