Maana na Matumizi ya Ushahidi wa Kihistoria: Mfano wa Masisi na Walikale

Katika taaluma ya historia, mabaki ya wakati uliopita hayawi ushahidi kwa sababu tu yamehifadhiwa. Waraka, masimulizi ya wazee au jina la mlima huwa ushahidi pale mtafiti anapouliza swali ambalo kitu hicho kinaweza kulijibu. Makala haya yanafafanua kanuni hiyo kwa mfano wa Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, ambako swali la nani alitangulia kufika limegharimu uhai wa watu wengi.

Tuanze na nyaraka. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Kibelgiji iliunda idara ya kuwahamishia Wanyarwanda Kivu. Hadi mwaka 1955 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamehamishwa, wengi wao wakipelekwa Masisi, katika nchi ya Wahunde. Huko walianzishiwa utawala wao wa Gishari, ambao ulifutwa mwaka 1957. Kumbukumbu za idara hiyo ni ushahidi madhubuti wa uhamishaji wenyewe. Hata hivyo, hazithibitishi kwamba kabla ya hapo hapakuwa na msemaji yeyote wa Kinyarwanda, kwani karani aliandika wale aliowahamisha, si wale aliowakuta. Kwa upande mwingine, masimulizi ya ikulu ya Rwanda kuhusu vita vya wafalme ng'ambo ya ziwa yanathibitisha madai ya wafalme hao. Na kudai nchi si kuitawala.

Masimulizi nayo yanahitaji swali linalostahili. Huko Walikale, Wanyanga wana utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Shé-Kárisi Rureke, ukaandikwa na Daniel Biebuyck mwaka 1956, na kuchapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene. Anayetafuta humo mwaka ambao Mwindo alitawala atatoka mikono mitupu. Lakini anayeuliza Wanyanga walimtaka mtawala awe mtu wa namna gani atapata jibu pana: shujaa mwenye majivuno anachukuliwa mbinguni na Nkuba, yaani Radi, anafunzwa kwa mateso, kisha anarudi kutawala kwa haki na kiasi.

Athari za kulitenga swali na ushahidi zinaonekana wazi katika sheria za uraia. Sheria ya mwaka 1972 iliwatambua watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya uhuru. Sheria ya mwaka 1981 ilibadili msingi huo, ikadai mtu atokane na kabila lililokuwamo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Ikumbukwe kwamba Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Kivu, Gustav Adolf von Götzen, alifika mwaka 1894. Mkulima wa Masisi angetoa wapi hati ya 1885? Nasaba za ukoo humpa mtafiti mfuatano wa vizazi, lakini hazimpi tarehe. Sheria ilidai ushahidi usiokuwepo. Na ushahidi usipokuwepo, mwenye nguvu ndiye huamua.

Mwezi Machi 1993 mauaji yalizuka katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na maelfu ya watu wakapoteza maisha. Ugomvi wa ardhi na siasa ulikuwa mzizi wake, lakini madai ya historia yalitumiwa kama silaha. Sheria ya mwaka 2004 ilisogeza kipimo hadi wakati wa uhuru, ingawa mabishano hayakukoma.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeletewa ushahidi na aulize mambo matatu: nani aliutoa, kwa kusudi gani, na unaweza kuthibitisha nini. Akumbuke pia mpaka wa kazi yake. Ushahidi waweza kueleza nani aliishi wapi na lini. Nani ana haki ya kuishi hapo leo ni swali la sheria na utu, na halipaswi kutwishwa waraka wa karani wala kumbukumbu ya mzee.