Baruti Iko Vitani, Bei Iko kwa Mlenga Shabaha

Mkazi wa Parkdale, magharibi mwa Toronto, anayependa mchezo wa kulenga shabaha huanza kulipa kabla hajafyatua risasi hata moja. Mwaka 2008 baraza la jiji liliamua kuviondoa viwanja vya shabaha kwenye majengo yake, kikiwamo cha stesheni ya Union. Leo anayetaka kupiga visahani hewani huendesha gari kama saa moja au zaidi hadi viwanja kama cha Cookstown, palipofanyika mashindano ya shabaha ya Pan American mwaka 2015. Risasi haziuzwi bila leseni, na juu ya bei kuna kodi ya mauzo ya asilimia 13.

Gharama hizo amezizoea. Kinachomuumiza ni bei ya boksi lenyewe, na lawama humwangukia mwenye duka ilhali bei imepangwa mbali naye.

Tazama risasi moja ya visahani: ganda la plastiki, kitako cha chuma, fataki, baruti ya gramu moja na kidogo, na takriban gramu 28 za marisaa. Mzunguko mmoja ni visahani 25, sawa na boksi moja. Mizunguko minne ni karibu kilo tatu za madini ya risasi, mzigo mzito, na risasi zenyewe sheria za usafirishaji huzihesabu kuwa bidhaa za hatari.

Lakini mzizi wa tatizo ni baruti. Hutengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na nyuzi fupi za pamba. China ndiyo tegemeo kubwa la viwanda vya Ulaya kwa nyuzi hizo. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, majeshi yamekuwa yakigombea malighafi hiyo hiyo. Kombora moja la mzinga wa milimita 155, likirushwa mbali, linaweza kula zaidi ya kilo 10 za baruti. Ingawa baruti yake si ya aina moja na ya michezo, uzito huo ungetosha risasi za visahani zipatazo 8,000. Mwishoni mwa 2023 kampuni ya Vista Outdoor, iliyomiliki chapa za risasi za Federal, CCI na Remington, iliwaarifu wauzaji kuwa bei zingepanda kwa sababu ya uhaba wa baruti duniani.

Soko lilikuwa tayari limejeruhiwa. Remington iliomba ulinzi wa kufilisika Julai 2020, wakati Wamarekani wakimiminika madukani kununua bunduki na risasi kwa hofu ya korona na machafuko. Fataki zikaadimika. Kisha Machi 2022 Canada ikaziwekea bidhaa za Urusi ushuru wa asilimia 35, na risasi za bei nafuu kutoka huko zikapoteza unafuu wake.

Sarafu nayo ina sehemu yake. Mwaka 2012 dola ya Canada ilikaribiana na ya Marekani. Mwanzoni mwa 2025 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa takriban 1.44 za Canada. Boksi la dola 10 kiwandani Marekani lilikuwa limepanda kwa zaidi ya dola nne kwa Mkanada, hata kama kiwanda hakikuongeza senti.

Umoja wa Ulaya ulitenga euro milioni 500 mwaka 2024 kuongeza uzalishaji wa risasi na makombora, takriban robo tatu zikienda kwenye baruti na vilipuzi. Viwanda vya baruti huchukua miaka kujengwa, na mzigo wa kwanza utakwenda jeshini. Raia yuko mwisho wa foleni, na kusubiri bei za 2019 ni kujidanganya.

Klabu ziagize pamoja, kwa makasha ya risasi 250, na zitenge fungu la vijana wanaojifunza. Mwenye kipato kizuri atabana matumizi na kuendelea. Kijana wa Parkdale anayelipa kodi ya chumba ndiye atakayeacha, na mchezo usiopata wageni huishia mikononi mwa wazee wenye fedha.