Bakteria wa Udongoni na Kilimo cha Magunia Mitaani Eastlands

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama vile Kayole, Dandora na Korogocho, shamba si lazima lipimwe kwa ekari. Gunia lililojazwa udongo na samadi, lenye kokoto katikati za kupitishia maji, huweza kuipa familia sukuma wiki na kunde kwa miezi kadhaa. Tatizo ni kwamba udongo wa gunia huchoka upesi, nayo mbolea ya dukani hununuliwa kwa pesa ambazo zingenunua unga. Makala haya yanafafanua jinsi bakteria wa udongoni wanavyoweza kuipunguza gharama hiyo.

Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Bakteria waitwao raizobiamu, ambao Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga mwaka wa 1888, huingia katika mizizi ya mimea jamii ya kunde, nayo mimea huwajengea vinundu. Humo huigeuza naitrojeni kuwa amonia, na mmea huwalipa kwa sukari. Kinundu kikikatwa kikaonekana chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna faida.

Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Kabete, kiliunda unga wa bakteria hawa uitwao BIOFIX, ambao baadaye ulianza kuzalishwa na kampuni ya MEA. Unga huu hupakwa kwenye mbegu kivulini, kwani jua kali huwaua bakteria. Aidha, kila zao lina wake: wale wa soya hawafai maharagwe.

Sukuma wiki, kipenzi cha Eastlands, si jamii ya kunde na haiundi vinundu kamwe. Hunufaika tu pale mizizi ya kunde inapooza karibu nayo. Kwa hivyo, kung'oa kunde na mizizi yake, kama ilivyo desturi ya wengi, ni kuitupa mbolea. Heri kukata shina na kuacha mizizi guniani.

Kuhusu magonjwa, bakteria aina ya Bacillus subtilis huizingira mizizi na kutoa kemikali zinazozuia kuvu waozeshao miche. Hata hivyo, hii ni kinga zaidi ya kuwa tiba: mche uliokwisha kuoza hauponi.

Kuna jambo moja ambalo wasifiaji wa mbolea hizi hulinyamazia. Mwaka wa 2007, utafiti wa shirika la UNEP kando ya jaa la Dandora ulipima watoto 328, na takriban nusu yao walikuwa na risasi nyingi katika damu. Risasi ni metali. Hakuna bakteria awezaye kuila ikaisha. Isitoshe, metali nzito huweza kuwadhuru raizobiamu wenyewe. Kwa mkulima wa Dandora, basi, swali la kwanza si mbolea gani atie guniani, bali udongo wenyewe umechotwa wapi.